Kwa Nini Wanawake wa Mhela Hutupa Ungo Korongoni

Wazee wa wazee wetu walipokuwa hawajaota hata meno, watu wa Mhela waliyaogopa maji ya korongo kuliko simba. Mvua ilinyesha mbali, milimani. Kwao jua kali, mara ngurumo, na maji mekundu hayo! Kila mtu mbio kilimani na mbuzi wake. Yakishapita walishuka, wakapanda uwele kandokando ya korongo, kwa kuwa ndiko babu zao walikopanda. Uliota, ukanyauka.

Mwaka mmoja kijiji kizima kilibakiwa na mbegu ya uwele ya kujaza kibuyu kimoja tu. Sechelela, bibi harusi wa mwaka ule, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo, alikuwa ndiyo kwanza amalize kuipepeta kandokando ya korongo aliposikia ngurumo. Mama mkwe wake alikumbatia kibuyu. Sechelela alikimbia mikono mitupu, na maji yakachukua ungo pamoja na lundo lote la pumba.

“Ungo wa marehemu mama yangu huo, mwanangu,” alisema mama mkwe. Hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha Sechelela.

Maji yalipopungua alilifuata korongo, akitafuta. Ungo hakuuona. Aliona pumba. Kandokando ya korongo hapakuwa na hata chembe moja, lakini mbali, kwenye uwanda wa miiba ambao hakuna aliyewahi kuulima, zilikuwa zimetanda kama mikeka. Akachomeka kidole: ubaridi! Akachimba hadi kiwiko: unyevu bado! Akapaza sauti.

“Mama wee! Maji yanalala hapa! Njooni!”

Walikuja na mikuki, wakidhani ni chui.

“Umeupata ungo?” mama mkwe aliuliza akihema, kibuyu bado kwapani.

“Nimepata shamba, Mama.”

“Babu zetu hawakupanda hapa.”

“Kwani walishiba, Mama?”

Wazee waliguna. Mama mkwe alipiga magoti, akachimba kwa mkono wake mwenyewe, akaufinyanga ule udongo kiganjani kwa muda mrefu. Kisha akang'oa kizibo cha kibuyu.

Mwezi mzima halikudondoka tone. Uwele ukafika magotini, kiunoni, ukawapita watu vichwa! Kijiji kilikula, kikasaza, kikacheza ngoma hadi vumbi likaomba msamaha.

Na tangu siku hiyo, ngurumo ikisikika, wanawake wa Mhela hawapandi kilima. Hushuka hadi ukingoni kwa vigelegele na kumwaga pumba za mwaka mzima. Pale zitakapolala, ndipo jembe litakapopigwa. Na kukiwa na bibi harusi, mama mkwe huutupa ungo wake mwenyewe mzima mzima majini, akamgeukia akicheka.

“Haya, mwanangu. Kautafute.”