Gazeti Lililomsubiri Mzee Mgimba

Hapo zamani, wala si zamani za sungura na fisi, ni zamani za juzi tu kabla simu hazijaingia mifukoni mwa watu, mji wa Lupanda ulikuwa na gazeti lake. Liliitwa Mbiu. Lilitoka kila Jumamosi, siku ya mnada, karatasi zilizorudufiwa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, na ukilishika asubuhi, vidole vinabaki vyeusi mpaka jioni. Mnacheka? Chekeni. Lakini Lupanda nzima iliiamini Mbiu kuliko ilivyoyaamini macho yake. Ng'ombe akipotea, mpaka Mbiu iseme. Mtu akioa, mpaka Mbiu iseme. Jambo ambalo Mbiu haikuliandika liliitwa umbea.

Mwanzilishi wake alikuwa Mzee Mgimba, mwalimu mstaafu, mtu wa masharti kuliko mganga. Sharti lake kubwa lilikuwa hili: ukurasa wa kwanza ni wa tanzia, na mtu akiwa mahututi, gazeti linamsubiri. Sababu ilikuwepo. Mwanzoni kabisa, gazeti lilitoka asubuhi, bibi mmoja akafariki mchana, na ukoo wake ukakaa wiki nzima na msiba ambao Mbiu haikuutambua. Watani wao wakawa wanawauliza, "Mnalia nini, kwani mmefiwa?" Mzee akaapa kwamba haitatokea tena. Na kusema kweli, wagonjwa wa Lupanda walikuwa na adabu zao. Kila aliyesubiriwa alikufa kabla ya Jumamosi.

Mzee alipochoka, akamwachia gazeti Tekla Mwinuka, mwanafunzi wake wa zamani. Mama yake Tekla, Mungu amrehemu, aliuza maharage mnadani maisha yake yote, na kwa maharage hayo Tekla alisoma. Mashine ilikuwa chini ya Kihombo, mtu wa maneno machache na ubishi mwingi. Walikuwa wawili tu ofisini. Waligombana kila wiki, na gazeti likatoka kila wiki.

Basi wiki moja mambo mawili yakaja kwa mpigo. Kwanza, ofisi ya mji ilileta tangazo: uwanja wa mnada unaombwa na tajiri mmoja ajenge ghala, wenye meza mnadani wafike Jumatatu asubuhi kupinga, wasipofika uwanja ni wake. Pili, Mzee Mgimba alizidiwa. Anjelista, binti yake mkubwa, aliingia ofisini analia.

"Dada Tekla, baba anatuaga. Padre ameshampaka mafuta. Gazeti lisitoke bila yeye, nakuomba. Amelizaa mwenyewe!"

Tekla naye akalia. Kisha akakaa kuandika tanzia. Akaandika, akafuta, akaandika tena, na alipoisoma alijua hajawahi kuandika kitu kizuri kama kile. Ilijaza ukurasa mzima. Tangazo la uwanja akalipangia ukurasa wa pili.

Ijumaa jioni akapita kwa Anjelista.

"Kamwene, dada. Vipi, ameshatutoka?"

"Bado."

"Tusubiri?"

"Subirini."

Jumamosi alfajiri akarudi.

"Vipi, dada?"

"Bado."

"Dada Anjelista, kuna tangazo la uwanja. Haliwezi kusubiri!"

"Kwa hiyo unamharakisha baba?"

Tekla akaondoka amefura. Hasira zilimpanda, halafu aibu ikampanda juu ya hasira, kwa sababu alikuwa anamkasirikia mtu kwa kuchelewa kufa, tena mtu aliyemfundisha kushika kalamu.

Akafika ofisini. "Kihombo, weka tanzia pembeni. Tunatoa tangazo. Zungusha mashine."

Kihombo akatazama dari. Tekla akatazama mashine. Haikuwa na mpini wa kuizungushia.

"Mpini uko wapi?"

"Upo."

"Upo wapi, Kihombo?"

"Mahali pake. Mzee akituacha, utarudi. Sharti ni sharti."

Tekla alimtukana mpaka matusi yakamwishia, akarudia yale ya mwanzo. Kihombo akajikalia zake. Loo! Kuna watu ukigombana nao unaumwa kichwa wewe, wao wanapata usingizi.

Akakimbia mnadani, akapanda juu ya gunia la viazi. "Jamani! Uwanja huu unachukuliwa! Jumatatu tufike ofisini wote!"

Wanawake wakamtazama. Mmoja akauliza, "Mbona Mbiu haijasema?"

"Mimi ndiye Mbiu!"

"Wewe ni Tekla, mwanangu. Mbiu ikitoka tutasoma. Sasa shuka, unatupondea viazi."

Jumapili: "Vipi?" "Bado." Jumatatu asubuhi Tekla akaenda peke yake kupinga. Karani akamuuliza, "Una meza mnadani?" Alikuwa nayo mama yake. Yeye hakuwa nayo. Akaambiwa akae, na akiwa amekaa hapo hapo, uwanja uliomlea ukaenda kwa tajiri.

Mchana wa siku hiyo, Mzee Mgimba alifumbua macho. Akaomba uji wa ulezi. Akaunywa, akaomba mwingine. Kisha akasema, "Mbiu ya wiki hii iko wapi? Nisomeeni."

Wakaitwa wote kitandani. Mzee aliposikia kuhusu uwanja alipiga kelele hadi kuku wakatoka uvunguni. "Nani alizuia gazeti langu?"

"Sharti lako, mzee," akasema Kihombo. "Mimi nililitii."

"Sharti nililiondoa! Ijumaa nilisema Tekla asinisubiri, atoe. Anjelista, si nilikuambia?"

Anjelista akaziba uso kwa khanga. "Uliniambia, baba. Nikameza. Ningeanzaje kwenda kusema gazeti litoke, baba yangu angali anahema? Watu wangesema nimekuzika kabla ya jeneza. Lakini mimi sikuficha mpini wa mtu."

"Ningeyajua maneno ya mzee, mpini ungerudi saa ile ile," akasema Kihombo. Kisha akamgeukia Tekla. "Na wewe usikae hapo kama malaika. Ijumaa mchana mpini ulikuwa kwenye mashine. Sikukuuliza kama tuanze na ukurasa wa pili? Ulinijibu nini?"

Tekla alikuwa amejibu, "Ngoja, tanzia haijakaa sawa." Angekubali, karatasi za tangazo zingekuwa mkononi mwake kabla mpini haujafichwa.

"Hiyo tanzia unayo?" akauliza mzee. "Isome."

Akaisoma. Mzee alisikiliza amefumba macho mpaka mwisho. "Nzuri," akasema. "Ndefu."

Jumamosi iliyofuata wanawake wa mnada walikuta uwanja umezungushiwa waya. Wakaja ofisini na vikapu vyao kichwani, wamevimba.

"Mbiu iseme nani ametupotezea uwanja!"

"Nilipanda kwenye gunia nikawaambia!" Tekla akafoka.

"Hatukusoma! Sasa andika, na iwe jina moja. Mkitaja watu wengi, tutajua mnafichana. Usipoandika, karatasi zenu tutafungia maandazi."

Mzee Mgimba akaja kwa mkongojo. "Andika mimi. Sharti nimelitunga mimi." Anjelista akasema, "Baba aliliondoa, andika mimi niliyemeza." Kihombo akauchomeka mpini kwenye mashine, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akasema, "Andika unavyotaka, ila andika ukweli." Na wanawake mlangoni, walioambiwa kwa mdomo wakakataa, walisubiri kusoma.

Tekla akakaa mbele ya taipureta. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mtupu. Akachapa: "Aliyetupotezea uwanja wa mnada ni". Vidole vikasimama. Kama ataandika uongo, Mbiu imekufa. Kama hataandika kitu, imekufa vilevile.

Haya, ninyi mliokuwa mnanicheka tangu mwanzo, njooni mkae kwenye kiti hicho. Yuko mzee aliyetunga sharti, binti aliyemeza ujumbe, fundi aliyeficha mpini, mhariri aliyependa tanzia yake, na mji usioamini mdomo wa mtu. Nafasi ni ya jina moja, na wenye vikapu wako mlangoni. Semeni, wala msiniambie nisubiri: jina la nani?