Siwema na Kazi ya Mdomoni mwa Mamba

Mko macho?

Tuko macho!

Mlango umefungwa?

Umefungwa!

Basi sogeeni, maana hii si ya kusikilizia mbali. Wewe uliyemaliza chuo juzi, kaa hapa mbele. Cheka tu, utaacha mwenyewe.

Hapo zamani sana, enzi ambazo wanyama walikuwa wakiajiriana, palikuwa na ndege mdogo jina lake Siwema. Siwema alikuwa wa kabila la ndege wala kupe, wale wanaokaa migongoni mwa wanyama wakubwa. Alisoma kwa Mwalimu Hondohondo, kwenye chuo cha kudonoa. Akasoma kupe, akasoma viroboto, akasoma mpaka meno na magonjwa yake. Siku ya mahafali mama yake alipiga vigelegele hadi sauti ikakauka.

Mama huyo alikuwa mjane. Alijinyima, akamlipia Siwema ada, na kiotini alibaki na makinda wawili wanaolia njaa. Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali, panzi hawakuonekana. Kila Siwema alipowaona wadogo zake wamefumbua midomo na hakuna cha kutia, alijisikia vibaya sana. Akasema, "Mama, nikipata kazi, hawa hawatalala njaa tena."

Kazi zikaja. Zikaja tatu.

Wa kwanza kumwita alikuwa Kifaru. Kifaru hana maneno mengi, mnamjua. Akasema, "Mshahara wako ni kupe wa mgongoni. Wa masikioni usiwaguse, nina mtekenyo. Unataka hutaki?"

Siwema akasema, "Nitafikiria, mzee."

Wa pili alikuwa Nyati. Nyati akasema, "Mimi sina kikubwa, binti. Mvua ikinyesha kupe ni wengi, utashiba. Kiangazi kama hivi ni wachache, tutavumiliana. Aliyekuwa akinifanyia kazi ni yule bibi unayemwona kwenye mgunga, amezeeka, kapumzika. Nenda kamuulize habari zangu."

Siwema akasema, "Nitafikiria, mzee." Kwa yule bibi hakwenda.

Wa tatu alikuwa Mamba.

Ee, Mamba! Alikuwa amejilaza ukingoni mwa mto, mpole kama bwana harusi. "Karibu mwanangu," akasema. "Cheti kirudishe chini ya bawa, sina haja ya kukikagua. Nimekuona unavyotua tu nikajua huyu amesoma. Kazi yangu ni nyepesi. Unaingia mdomoni, unanichokoa meno. Nyama yote utakayoikuta katikati ya meno ni mshahara wako. Kula ushibe, na nyingine bebea mama. Una swali?"

Siwema alikuwa na swali moja tu. Akauliza, "Mshahara unaanza lini?"

"Unaanza kesho asubuhi," akasema Mamba.

Jamani! Huyo ndiye aliyesoma. Swali moja amepewa, na hilo ndilo alilouliza.

Siwema akarudi nyumbani, akamweleza mama yake zote tatu. Mama hakumngoja amalize. "Mgongoni kwa Kifaru? Mgongoni kwa Nyati? Hata asiyejua kitabu anakaa mgongoni! Mimi nilikusomesha ukakae mgongoni? Nenda kwa Mamba. Nyama, mwanangu! Hapa mtaani nani anakula nyama?"

Siwema akasema, "Mama, naogopa. Ule ni mdomo."

"Unaogopa nini? Kazi zote zina ugumu. Watazame wadogo zako."

Siwema akawatazama wadogo zake, akakubali.

Asubuhi ya kwanza akaenda mtoni. Mamba akafungua mdomo. Loo! Ndani kulikuwa na joto na harufu ya vitu vilivyooza, na ulimi ulikuwa ukitetemeka polepole chini ya miguu yake. Siwema akasimama kwenye meno ya mbele, moyo unampiga pu, pu, pu. Ili ajitie moyo akaimba:

*Nadonoa, nadonoa,*
*mama ale, wadogo wale,*
*nadonoa, nadonoa.*

Imbeni na nyie, msimwache peke yake!

Akadonoa, akashiba, akafunga kipande cha nyama cha kupeleka nyumbani. Alipotaka kutoka, Mamba akasema taratibu, "Kesho ingia ndani kidogo, mwanangu. Ndani ndiko kwenye nyama nzuri."

Makinda wakala siku ile wakalala kimya. Mama akapita kwa majirani wote, nyumba hata nyumba, akisema, "Binti yangu ameanza kazi. Mshahara wa kuanzia ni nyama."

Asubuhi ya pili Siwema akaingia ndani kidogo. Akafika meno ya katikati. Mwanga ulikuwa umepungua. Akaimba wimbo wake, lakini sauti ilikuwa ikitoka nusunusu. Akiwa anadonoa, akaona paa la mdomo limeshuka. Si sana, kidogo tu.

"Bosi," akasema, "mbona unafunga?"

"Taya limechoka, mwanangu. Uzee huu. Kesho ingia ndani kidogo, kwenye jino la mwisho, nikuongezee mshahara."

Siwema akatoka mbio. Akamwambia mama, "Mama, kesho siendi. Mdomo ulishuka. Nimeuona kwa macho yangu."

Mama akashika kiuno. "Siku ya tatu tu bosi anakuongezea mshahara, na wewe unaleta deko? Nimeshawaambia watu! Unataka nifiche wapi uso wangu?"

Basi. Mtoto angesema nini tena?

Asubuhi ya tatu akaenda. Njiani alikuwa akitua kila mti ili achelewe. Alipofika, mdomo ulikuwa tayari umefunguliwa unamngoja. Akapita meno ya mbele, akapita meno ya katikati, akafika jino la mwisho, pale ambapo koo linaanza. Kulikuwa na giza, na pumzi ya Mamba ilikuwa ikimvuta mbele na kumsukuma nyuma. Siku hiyo hakuimba.

Akadonoa. Kitu kilichotoka hakikuwa nyama. Kilikuwa unyoya.

Siwema akauleta karibu na jicho. Ulikuwa wa kahawia, na nchani una doa jeupe. Mtaani kwao ndege mwenye doa jeupe bawani alikuwa mmoja tu, Tunu, binti wa jirani yao. Tunu alimaliza chuo mwaka mmoja kabla ya Siwema. Aliaga akasema amepata kazi yenye mshahara mnono, na toka siku ile hakurudi wala hakutuma salamu. Majirani wakamsema sana. Wakasema ameota mapembe, amepata pesa amemsahau mama yake. Na aliyemsema kuliko wote alikuwa mama Siwema.

Kumbe Tunu hakusahau mtu. Tunu alikuwa humu.

Na hapo hapo paa la mdomo likaanza kushuka. Likashuka, likashuka, mwanga wa nje ukabaki mstari mwembamba.

"Bosi!" akapiga kelele. "Usifunge! Kuna funza!"

Mdomo ukasimama. "Funza gani?"

"Funza wa jino! Tulimsoma chuoni. Ukimbana tu kwa meno, anakimbilia juu, anaingia kichwani na kula ubongo. Fungua, bosi! Fungua zaidi!"

Mamba ni muuaji, lakini kwa nafsi yake ni mwoga sana. Akafungua mdomo mpaka taya likalia. "Mtoe, mwanangu, mtoe!"

"Anataka dawa. Nakwenda kuileta sasa hivi. Usifunge mdomo, ukifunga umekwisha."

Akaubana unyoya chini ya bawa, akaruka, akatoka. Hakugeuka nyuma. Machozi yalikuwa yakimtoka mpaka haoni miti, na alilia hivyo hadi kiotini.

Kiotini akawakuta makinda peke yao. "Mama yuko wapi?"

Makinda wakasema, "Mama kaenda mtoni. Kasema leo umeongezewa mshahara, hutaweza kuubeba wote. Kaenda kukusaidia."

Mama yangu wee! Siwema hakupumzika hata kidogo. Akarudi alikotoka.

Alipofika, Mamba alikuwa vilevile, mdomo wazi, anaogopa funza. Na mle ndani, juu ya meno ya katikati, amesimama mama yake, kajifunga kitambaa cha kubebea nyama. Mamba alikuwa akisema kwa koo, bila kugusanisha meno, "Ingia ndani kidogo, mama. Mshahara wa mwanao uko jino la mwisho." Mnaelewa alichokitaka? Kutafuna alishindwa kwa ajili ya funza, basi akataka mama afike kooni, ammeze mzima mzima.

Siwema akataka kupiga kelele. Akajizuia. Akisema kweli kwa sauti, Mamba atasikia, na mama bado yuko ndani. Akapiga moyo konde, akatua kwenye mdomo, akaingia tena mle mle alikotoka.

"Bosi, nimerudi na dawa," akasema. Kisha akasema polepole, "Mama, toka."

Mama akamkazia macho. "Usinivunjie heshima mbele ya bosi wako! Nimekuja kuchukua haki yetu." Akapiga hatua moja mbele. Nyuma ya meno, ulimi ukaanza kunyanyuka.

Siwema akampita mama yake, akasimama kati yake na lile koo. Akautoa unyoya chini ya bawa, akauweka miguuni pake.

"Mama," akasema, "mshahara ndio huu."

Mama akauangalia. Akaona doa jeupe. Miguu ikamlegea akataka kukaa chini, humo humo, juu ya ulimi.

Siwema akapaza sauti, "Bosi! Dawa hii ni kali, mama anazimia. Fungua zaidi nimtoe nje, nianze kukutibu!" Mamba akafungua. Siwema akamsukuma mama yake kwa kifua, akamsukuma, mama kaukamata ule unyoya hauachii. Wakafika meno ya mbele. Mamba akaona wote wawili wanatoka, njaa ikaushinda woga.

Kwaa!

Mdomo ukafunga. Mama alikuwa ameshatoka. Siwema naye alitoka, ila mkia wake wote ulibaki ndani. Walianguka majanini wakahema.

Mama akasema baadaye sana, kwa sauti ndogo, "Siku ile uliniambia unaogopa."

"Nilikwambia, mama."

"Nisamehe, mwanangu. Niliusikia mshahara, wewe sikukusikia."

Hawakwenda kwao kwanza. Walikwenda kwa mama Tunu. Wakamkuta anafagia mlangoni. Mama Siwema akamnyooshea ule unyoya tu.

Mama Tunu akautambua pale pale. Uso wote ukamchangamka. "Tunu wangu! Kumbe amenikumbuka! Nilijua tu, nyie mlikuwa mkimsema bure. Haya niambieni, ametuma na nini kingine?"

Mama Siwema akamshika mkono, akakaa naye chini mlangoni, na wote watatu wakalia.

Siwema akaajiriwa kwa Nyati. Kupe wa kiangazi ni wachache kweli, na makinda walikua wembamba, lakini walikua. Na ndiyo maana hadi leo ndege wale, wakiwa mgongoni, wakisikia jani tu limetikisika wanapiga kelele kuwaonya wenzao.

Sasa wewe wa hapa mbele, mbona hucheki tena? Nisikilize. Ukiitwa kazini, mshahara uliza, ni jasho lako. Lakini uliza kwanza aliyekuwepo kabla yako yuko wapi, na ukiambiwa yuko salama, nenda kamwone. Na nyie wazazi, mtoto akisema anaogopa, acheni kwanza hesabu za mshahara, mumuulize anaogopa nini.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyesikia aibebe. Aliyesinzia, shauri yake.