Mkeka wa Nakiete

Hapo zamani, enyi mlioketi, milimani Upare palikuwa na msusi wa mikeka aitwaye Nakiete. Utotoni mwake wageni walifika kwao na chumvi na vicheko. Walipoondoka, waliondoka na kaka zake wawili, wamefungwa kamba. Tangu hapo, mtu akimchekea, Nakiete huona kamba.

Alipokuwa mtu mzima akahamia kijiji kingine, akawa analala na mchi ubavuni.

Jirani yake, Mama Kadeghe, akamletea maharage. Nakiete akayamwaga. "Umenitilia nini?"

Kesho yake Mama Kadeghe akasimama mbali, migombani. "Ni mimi, mwanangu. Siji karibu. Nala nusu ukiniona, nusu nakuachia." Akafanya hivyo mvua na jua, miezi minne, na Nakiete akala.

Siku moja Nakiete alikuwa bondeni akikata ukindu. Mvua ilikuwa imenyesha juu mlimani, na mto ukaja ukinguruma. Mfuga nyuki mmoja, Mrindoko, akamkimbilia, akamshika. Nakiete akamkata mkono kwa mundu. Mrindoko hakumwachia. Akamburuta hadi juu, damu ikimtiririka, na maji yakapita chini yao.

Wazee wakataka kumfukuza Nakiete. Mrindoko akakataa. "Mwacheni. Aliowakata ni wale wa chumvi."

Nakiete akajifungia ndani kwa aibu, siku tatu. Siku ya nne Bibi Nanzia, mkongwe wa kijiji, akaketi nje ya mlango. "Mjukuu wangu, mimi nami nilichukuliwa, nikatoroka. Hata leo nikisikia hatua za watu wengi natokwa jasho. Nifungulie, tuogope pamoja."

Nakiete akalia, akafungua. Kesho yake akaenda kumwosha Mrindoko jeraha.

Mwaka ukapita. Nyumba ya Nakiete ikajaa wageni na soga, na mchi ukarudi kwenye kinu. Akasuka mkeka mmoja, mzuri kuliko yote, amtuze aliyemrudishia imani kwa watu.

"Ni wangu," akasema Mama Kadeghe. "Ningemwacha, angekufa njaa kabla ya mto kujaa."

"Angesombwa na maji pamoja na shibe yako," akasema Mrindoko.

Bibi Nanzia akatikisa kichwa. "Mmoja alimlisha, mmoja alimwokoa, naye bado akawa amejifungia. Mlango alimfungulia nani?"

Nakiete akacheka hadi akashika mbavu. "Mimi nimeshindwa. Kaulizeni watu!"

Haya, watu ni nyinyi. Mkeka ni mmoja, na haukatwi. Je, nani alistahili kuulalia?