Nani Apewe Ndama wa Shangazi

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akanawe uso kwanza, maana hadithi hii sitaimaliza mimi. Mtaimaliza ninyi.

Huko Rungwe, kwenye migomba na ukungu, walikuwapo watu watatu waliotunza tovuti ya chama cha wafuga ng'ombe wa maziwa. Wa kwanza, Mwalimu Subilaga, mstaafu, alikuwa na kipaji cha kuchagua. Mpe ungo wa maharage, atakuwa ameyatoa mabovu yote kabla hujamaliza kumsalimia. Wa pili, Andongwisye, fundi wa redio, alikuwa na kipaji cha kutokuwa na haraka. Wa tatu, Ipyana, mwimbishaji wa kwaya, alikuwa na kipaji cha kujua kilichozidi. Kati ya sauti arobaini, ile iliyopanda bila kuitwa aliijua ni ya nani.

Na alikuwapo Tunsume, mjane, ambaye hakuwa na kipaji cha kutangaza bali ng'ombe mmoja. Alimwita Shangazi, kwa jinsi alivyosimama mlangoni mwa banda akiwakagua wapita njia. Nyumba nzima iliishi kwa maziwa yake.

Masika yalipopamba moto, ukuta wa banda ulianguka Tunsume akiwa shambani akichuma chai. Shangazi akaenda zake, na mimba ya miezi saba tumboni. Tunsume alitafuta siku nne, bonde kwa bonde, mpaka sauti ikamkauka. Siku ya tano akaingia ofisi ya chama, akawaambia wale watatu kwamba atakayemwezesha kumwona Shangazi tena, ndama aliye tumboni ni wake. Alisema huku analia, wala hakufikiri kwamba wangeweza kuwa zaidi ya mmoja.

Tovuti ile ilitangaza mikutano na ratiba ya chanjo, basi. Mtu aliyeona ng'ombe mgeni mbali huko hakuwa na pa kutuma picha yake. Mwalimu Subilaga akasema kinachohitajika ni programu-jalizi, yaani kijiprogramu cha nyongeza kinachopachikwa kwenye tovuti ili ifanye kazi ambayo haikuiweza. Tunsume akavuta benchi, akakaa kuangalia.

Katika ghala la mtandaoni la nyongeza zilikuwamo za namna hiyo zaidi ya arobaini, na kila moja ilijisifu. Tunsume alitaka wachukue ya juu kabisa, yenye nyota nyingi. Mwalimu akakataa. Yeye alianza na malalamiko ya watumiaji, sifa akaziacha. Alitazama kila moja ilisasishwa lini, na kama mtengenezaji wake huwajibu wanaokwama. Ile ya nyota ilitaka kusoma majina yote kwenye simu za watu, akaitupa. Nyingine ilikuwa imetelekezwa miaka mitatu. Ilipofika adhuhuri ilibaki moja, ndogo, isiyo na madoido, inayopokea picha hata mtandao ukiwa dhaifu na kuonyesha ilipigwa wapi.

"Mngechukua ile ya nyota," alisema, "mngemkaribisha mwizi mkidhani ni mgeni."

Ikaja zamu ya Andongwisye. Tunsume alimwomba abonyeze sasa hivi, kwa kuwa Shangazi alikuwa ananyeshewa. Andongwisye akaondoa mkono kwenye kipanya. Kwanza alitengeneza nakala ya akiba ya tovuti nzima, kisha akaunda tovuti ya majaribio isiyoonekana na watu, na huko ndiko akapachika. Tunsume alitamani kumzaba kofi. Lakini ukurasa ukageuka mweupe, matangazo yote yakapotea. Kama ingekuwa tovuti yenyewe, chama kingebaki bila ratiba katikati ya wiki ya chanjo. Andongwisye akarudia mara tatu, akizima nyongeza za zamani mojamoja, hadi akaipata inayogombana na hii mpya. Akamtazama Ipyana.

Ilikuwa nyongeza inayopiga wimbo wa kwaya kila tovuti inapofunguliwa. Ipyana mwenyewe ndiye aliyeiweka, miaka sita nyuma, na mwenye sauti ya kwanza alikuwa marehemu mkewe. Kila mtu ofisini alijua kwamba wimbo huo unakula bando na kuchelewesha ukurasa, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Ipyana aliusikiliza wimbo mpaka mwisho. Kisha akaufuta kwa mkono wake, pamoja na madoido mengine ya ukurasa, maua yanayodondoka na saa inayozunguka. Tunsume alimwonea uchungu, akainamisha kichwa.

Nyongeza ikapachikwa, tangazo likawekwa. Kesho yake asubuhi ikaingia picha kutoka ng'ambo ya mto Kiwira: Shangazi, matope hadi magotini, mzima. Mzee aliyempiga picha alikataa hata shukrani, akisema kwao mnyama aliyepotea hurudishwa tu.

Miezi miwili baadaye akazaliwa ndama, jike, mwenye doa jeupe pajani.

Mwalimu akatangulia kufika. "Mimi nisingechagua, wao wangepachika nini?" Tunsume akaona ana haki.

Akaja Andongwisye. "Dada, ile nyongeza ilikuwapo ghalani siku zote. Ilimwona Shangazi lini, kabla sijaipachika?" Tunsume akaona naye ana haki.

Ipyana alikuja wa mwisho, wala hakuketi. "Wale walitoa kazi. Mimi nilitoa kitu changu." Tunsume akalia. Wenzake waliposikia walisema aliyelaza gogo barabarani hapewi tuzo kwa kuliondoa. Hapo nako, haki ilikuwapo.

Akawaahidi ndama wa mwakani na wa mwaka utakaofuata. Wakamuuliza nani atangulie, na yote yakarudi palepale.

Sasa sikilizeni yalipofikia. Watatu hao hawakai tena ofisi moja. Nyongeza inaomba kusasishwa na imeacha kupokea picha. Mwalimu anasema alikwisha kuchagua. Andongwisye anasema hagusi kitu bila wenzake. Ipyana haji kabisa. Na tangu jana mtamba wa Lugano, jirani yao, haonekani. Leo asubuhi Lugano alifika kwa Tunsume, macho mekundu, akasema neno moja tu: "Mama, amua."

Tunsume amemfunga ndama kamba, ametoka naye hadi barabarani, na hapo amesimama. Wawili kati yao watamnunia, na bado wote watatu anawahitaji kabla jua halijatua.

Je, wewe ungempeleka ndama kwa nani? Usiniambie mimi. Mwambie aliyekaa karibu nawe, na akikataa, mwambie kwa nini.