Fisi, Mtunga Hadithi wa Kisimani

Hadithi yaja, mpo?
— Tupo, na ije!
Imeshika nini?
— Imeshika sikio!
La nani?
— La mwenye kudukua!

Basi hapo kale Fisi alikuwa mtunga hadithi. Kila jioni anasimama uwanjani kwa Simba, anasimulia, anapewa paja zima, analila peke yake, hata mfupa hagawi. Wanyama wanashangaa, jamani huyu maneno yote haya anayatoa wapi? Anayatoa kisimani. Asubuhi anajilaza nyuma ya majani, sikio nje. Chubwi, ndoo inaingia majini. Chubwi, neno linaingia sikioni. Jioni analitapika vilevile. Mwenzake kasema "nimechoka", naye anasema "nimechoka". Hata ile "ni" ya mwenyewe anaibeba.

Sasa Bi Pimbi alikuwa na mtoto mchanga, Kidawa, wa kwanza huyo, usingizi hapati kwa woga. Akamnong'oneza shoga yake Kanga pale kisimani kwamba mtoto kamficha kwenye ufa wa jabali jeupe, Chui asimwone. Jioni Fisi kasimama: "Mwanangu nimemficha kwenye ufa wa jabali jeupe, na maziwa yananijaa."

Watu wakacheka mbavu hawana, Fisi ana maziwa! Chui hakucheka. Aliinuka, nyatu, nyatu, nyatu, akaondoka.

Bi Pimbi, aliyekuwa papo hapo uwanjani, alitimka, hajui hata alipita wapi, akamnyakua Kidawa, na kucha za Chui zikakwaruza jiwe tupu, kwaruu.

Kulipokucha akamwendea Fisi. "Shemeji, mwanangu nusura aliwe."

"Pole, mama. Lakini maneno ya kisimani hayana mwenyewe. Na hadithi ilipendeza."

Ilipendeza! Mtoto wa mtu aliwe ili hadithi ipendeze!

Bi Pimbi alirudi kisimani na Kanga, akasema waziwazi, huku akijua Fisi akimtaja kwa Simba amekwisha: "Shoga, ile nyama ya arobaini ya mama yake Simba, iliyopotea, nimeila mimi. Nimenyata, nimekula, nimefutia mdomo mkeka wake." Majani yakatikisika, chaka chaka.

Jioni Fisi akayamwaga yote. Nimenyata, nimekula, nimefutia mdomo mkeka wake.

Simba akauliza maneno hayo ni ya nani. Fisi akamtazama Bi Pimbi, akalitazama paja. Akisema ni ya Pimbi, yeye si mtunzi tena, na paja halipati.

"Ni yangu, bwana mkubwa. Kila neno limetoka tumboni mwangu."

"Tumboni," akasema Simba. "Kumbe nyama niliyoitafuta ndimo ilimo."

Puu! Kofi la kiuno. Ndiyo maana mpaka leo Fisi nyuma kashuka.

Nimeitua, nani anaibeba?
— Sisi!

Funzo lake ni kwamba kusikiliza maneno ya watu kwa kujificha ni tabia mbaya, na hakumpi mtu hadithi nzuri hata siku moja. Na nyinyi mliojibanza nyuma ya ukuta tangu nianze, sogeeni, hapo hamsikii vizuri.