Ndege Iliyopishwa Njia

Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa nane, saa mbili na robo asubuhi, mwanamke mmoja alifungua milango yote miwili ya gereji yake, na majirani wakaona kwa mara ya kwanza kitu alichokuwa akikiunda humo ndani kwa miaka. Ilikuwa ndege. Si ya kuchezea. Ndege yenye kiti kimoja, usukani na injini, iliyoundwa kwa mbao nyepesi na kitambaa kigumu kilichopakwa rangi ya bluu.

Nawaomba mnisikilize kwa makini, ndugu zangu, kwa sababu katika kisa hiki hakuna mtu mbaya. Nimemtafuta huyo mbaya, sikumpata, na ndiyo maana kisa chenyewe kinanitisha.

Mwanamke yule alikuwa mwalimu wa sekondari. Siku hiyo mkaguzi wa ndege alikuwa amefika katika uwanja mdogo wa ndege, nje ya mji, na angeondoka saa sita mchana. Akiondoka, harudi mpaka mwaka ujao. Na ndege ambayo mkaguzi hajaiona hairuhusiwi kuruka. Kwa hiyo mwalimu alikuwa na jambo moja tu kichwani: kuifikisha ndege kwa mkaguzi kabla ya saa sita.

Mabawa yalikuwa yametangulia jana yake. Kilichobaki ni kiwiliwili. Kaka yake, ambaye ni dereva, alikuja na pikapu inayovuta tela, wakakilaza kiwiliwili juu ya tela na kukifunga kwa kamba. Barabara ilikuwa ya vumbi na kokoto, na mwalimu hakutaka rangi ikwaruzwe, basi akakifunika chote kwa mashuka meupe. Mkia ukawa umezidi tela na kuning'inia nyuma. Mzigo ukizidi gari, sheria inataka ufungiwe kitambaa chekundu mwishoni ili walio nyuma wauone. Kaka akafunga kitambaa chekundu.

Sasa hebu tazameni walichokitengeneza bila kujua. Kitu kirefu, kimelazwa, kimefunikwa shuka jeupe. Gari linakwenda polepole. Na kitambaa chekundu. Huko kwao, kama ilivyo kwetu, gari lenye kitambaa chekundu limebeba nini?

Walipofika penye mashine ya kusaga, wanaume waliokaa kwenye magunia wakasimama. Mwendesha baiskeli akashuka, akavua kofia. Mbele kidogo, basi la abiria likatoka barabarani lenyewe na kuwaachia njia.

"Dada," kaka akasema, "wewe umewahi kupishwa na basi tangu uzaliwe?"

"Wamepatwa na nini hawa?"

"Wanadhani tuna msiba." Akacheka, kisha akawasha taa kubwa, mchana kweupe.

"Zima taa."

"Taa ni za gari langu. Wewe unataka kufika au hutaki?"

Mwalimu alitazama saa yake. Taa hazikuzimwa.

Kwenye njia panda ya sokoni palikuwa na foleni. Askari wa barabarani alipowaona, alisimamisha magari ya pande zote, akasogea dirishani na kuinamisha kichwa. "Poleni sana," akasema.

"Asante, afande," kaka akajibu, na sauti akaishusha.

Walipokwisha kupita, mwalimu alimgeukia. "Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Kasema pole, nimesema asante. Kuna pole ya kazi, kuna pole ya safari. Sisi si tuko safarini?"

"Unajua alimaanisha pole gani."

"Ningejuaje? Mimi siko moyoni mwake. Hatujasema uongo hata neno moja, dada. Macho yao ndiyo yaliyosema."

Hapo naomba tusimame kidogo. Je, kaka alisema uongo? Pimeni maneno yake moja baada ya jingine kama mnavyopima mchele. Hamtapata uongo. Kitambaa kilikuwa cha halali, shuka lilikuwa la kuzuia vumbi, na asante ilikuwa asante. Mimi nimepima, nami sikupata. Tuendelee.

Kabla ya uwanja wa ndege kuna daraja la mbao linalopitisha gari moja tu kwa wakati mmoja. Walipolikaribia, kirikuu, yale magari madogo ya mizigo, ilikuwa imeshaingia darajani kutoka upande wa pili, ikielekea mjini. Ilikuwa imewatangulia na haki ya kupita ilikuwa yake. Dereva wake alipoona kitambaa chekundu na taa, alirudi nyuma hadi alikotoka, akaegesha pembeni, akazima injini.

Mama mmoja akashuka nyuma ya kirikuu ile, akavuka daraja kwa miguu hadi kwenye dirisha la mwalimu. Alikuja kuomba radhi.

"Tusameheni, jamani. Dereva wetu hakuwaona mapema. Poleni na msiba."

Mwalimu aliangalia ng'ambo. Kwenye kirikuu palikuwa na godoro, na juu yake bibi mmoja amempakata mtoto wa kiume, miguu yake imelegea.

"Yule mtoto ana nini?" akauliza.

"Homa, mama. Tangu alfajiri amepata degedege mara mbili. Tunampeleka hospitali."

"Basi piteni ninyi kwanza."

Yule mama akashtuka, kama mtu aliyeambiwa avunje mwiko. "Hapana, mama, tangulieni. Maiti haizuiwi njiani. Sisi tuna mgonjwa tu."

Ndugu zangu, maneno ya kusema hapo yalikuwa mawili: "Si maiti." Mwalimu alikuwa nayo kinywani. Lakini angeyasema, ingebidi aeleze shuka, aeleze taa, aone sura ya yule mama ikibadilika, kisha kaka alirudishe tela nyuma, jambo ambalo kwa tela si jepesi. Saa nayo ilikuwa inakwenda. Akasema, "Asante, mama."

Basi wakaingia darajani. Wakiwa katikati, ubao mmoja ukavunjika na gurudumu la tela likazama. Pikapu ikavuta, ikashindwa. Yule mama hakungoja kuitwa. Alimwita dereva wake, wakaja wote wawili. Mtoto akabaki na bibi yake.

Walisukuma kwa muda mrefu. Gurudumu linatoka, linarudi. Yule mama aliweka viganja vyake juu ya shuka jeupe kwa heshima, kama mtu anayemgusa marehemu, akaanzisha wimbo wa msiba ili wasukume kwa pamoja. Kaka aliitikia. Angefanyaje? Asiitikie?

Mwishowe waliinua tela upande mmoja kwa mikono, na mzigo ukanyanyuka kirahisi kuliko yule mama alivyotarajia. Akamtazama mwalimu na machozi yakamlengalenga.

"Mwepesi hivi," akasema. "Ni mtoto?"

Mwalimu hakujibu. Yule mama akadhani ni uchungu uliomziba mdomo, akamkumbatia.

Ndege ilifika uwanjani kabla ya saa sita. Mkaguzi aliizunguka, akagonga hapa, akachungulia pale, akauliza maswali na kujibiwa vizuri. "Hii ni kazi safi, mwalimu," akasema. "Nitaahirisha safari yangu. Kesho saa mbili asubuhi tufunge mabawa na kuiwasha. Ikikubali, natia saini, halafu naondoka." Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi.

Wakarudi na tela tupu kwa njia ile ile. Hata daraja hawajalifikia, waliona gari linakuja polepole, taa zinawaka juani, na kipande chekundu cha kanga kimefungwa kwenye kioo cha pembeni. Kaka akatoka barabarani na kuzima injini kwa mazoea, kama mimi na wewe tungefanya.

Ilikuwa kirikuu ile ile.

Bibi alikuwa ameinama. Yule mama alikuwa amekaa wima kando ya godoro lililofunikwa. Alipomwona mwalimu aliinua mkono, akampungia taratibu, kama wanavyosalimiana watu waliofikwa na jambo moja. Dereva wake alipunguza mwendo kwenye dirisha lao. "Amekata roho getini pa hospitali," akasema. "Mazishi kesho mchana. Nanyi poleni." Akaenda zake.

Kaka alishika usukani bila kuwasha gari. Akasema, "Hatukujua." Dada yake akamwambia, "Mimi nilimwona mtoto."

Sasa, mtaniuliza: je, wangewahi, mtoto angepona? Sijui. Daktari mwenyewe hakusema. Pengine angekufa hata kama daraja lingekuwa wazi. Lakini mwalimu yule hatalijua jibu mpaka anaingia kaburini, na sikuja hapa asubuhi hii kumpa yeye wala ninyi jibu ambalo sina.

Ninachokijua ni hiki, na nilipokishtukia nilishindwa kulala. Barabarani siku ile, nani aliumia? Ni yule mwenye adabu. Mtu asiye na adabu angepiga honi, angepita katikati ya daraja, angewahi hospitali. Yule mama aliheshimu msiba wa mwenzake, akazima gari, akaja kusukuma. Wema wake ndio uliomchelewesha. Tukipokea heshima isiyo yetu, anayelipa ni mtu mwema. Mtu mbaya halipi kitu, kwa sababu yeye hakutupisha.

Na sisi je? Msiniambie hatuna ndege. Ndege si dhambi. Mungu ndiye aliyempa yule mwanamke akili ya kuiunda. Naulizia kitambaa. Sisi tunaoitwa watu wa kanisa tuna kitambaa chetu, tunakiita kazi ya Bwana. Mzee anachelewa kikao, watu wamekaa juani tangu asubuhi, anasema, "Nilikuwa kwenye kazi ya Bwana," nao wanasema, "Pole, mzee," naye anasema asante. Alikuwa shambani kwake. Kwaya inafungulia spika ukuta kwa ukuta na nyumba yenye mgonjwa. Jirani Mwislamu anavumilia, kwa sababu anaheshimu ibada. Ilikuwa ni mazoezi ya shindano. Mimi huitwa mchungaji, na kwenye foleni ya zahanati wananiambia, "Pita mbele, mama mchungaji." Hakuna anayeniuliza kama naumwa kuliko wao.

Hatusemi uongo. Tunasema asante tu. Tunawaacha watu waamini lile zuri wanaloliamini juu yetu, kwa kuwa linatufungulia njia. Lakini ukifunguliwa njia, geuka uangalie pembeni mwa barabara. Nani amezima gari kwa ajili yako? Amebeba nini nyuma? Umemuuliza? Na akikujibu, kama yule mama alivyojibu bila kuficha, utakuwa na ujasiri wa maneno mawili wakati bado yanaweza kumsaidia?

Najua mnataka kusikia mwalimu alifanya nini. Asubuhi iliyofuata, saa ambayo mkaguzi alikuwa anamngoja uwanjani, yeye alikuwa anavuka daraja kwa miguu akiulizia nyumba yenye msiba. Wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka. Yule mama alimwona kutoka mbali, akasogea kumpa nafasi karibu yake, akamshika mkono.

"Jamani, mwoneni mwenzangu huyu," akawaambia wenzake. "Naye jana alikuwa na wake, na leo kaja kwangu." Kisha akamuuliza kwa sauti ya chini, "Wako mlimlaza salama?"

"Mama," mwalimu akasema, "mimi sikufiwa."

"Unasemaje?"

"Kile tulichobeba jana hakikuwa maiti. Ilikuwa ndege."

"Ndege," yule mama akasema, kama anayefikiria kitu chenye manyoya.

"Ndege ya kusafiria. Niliiunda nyumbani. Nilikuwa naiwahisha kwa mkaguzi, nikakuacha udhani ni msiba, nikaona mtoto wako mgonjwa na bado nikanyamaza."

Yule mama aliutazama mkono alioushika, asijue aufanye nini. Akauliza swali moja tu.

"Na mimi nilisukuma?"

"Ulisukuma, mama."

Yule mama akauachia mkono. Mwanamke mmoja nyuma yao alimwambia mwalimu ainuke aende zake, na mwingine naye akasema hivyo hivyo. Mwalimu hakuinuka, wala hakujitetea. Alikaa pale pale chini, mbele ya macho ya wote, mpaka wanaume walipoingia kuuchukua mwili.