Mkeka Uliosukwa kwa Hasira

"Nuna uwezavyo, ukili usikatike."

Mmemsikia Mama Shani akimwambia binti yake hivyo pale kwenye cherehani, na nyinyi mkaangua kicheko, mkadhani ni kejeli ya fundi aliyechoka. Si kejeli. Ni methali, na ina mwenyewe, na mwenyewe huyo hakuwa mtu wa kuchekwa. Kaeni basi. Na wewe mwenye simu, iweke mfukoni, maana mimi sirudii. Methali hii ilianza hivi.

Kule kusini, katika kijiji cha Nampunga, alikuwako mjane mmoja aitwaye Somoe Mtipa, msuka mikeka. Watu wa siku hizi wakimtaja husema alikuwa mpole. Waongo. Bi Somoe alikuwa mkali tangu utotoni, na ulimi wake ulijulikana hadi kijiji cha pili. Lakini mikono yake, hakuna aliyeipata. Barazani kwake walikaa wanawake saba wakisuka pamoja, na wanunuzi walikuja kutoka mjini kumfuata yeye, ulimi na vyote.

Kwa nyinyi msiojua, mkeka hausukwi wote kwa mara moja. Kwanza husukwa ukili, yaani ule utepe mrefu wa ukindu, upana wa vidole vinne, unaokwenda pima kwa pima. Ukili ukitimia ndipo huzungushwa na kushonwa ukawa mkeka. Na ukindu husukwa ukiwa na unyevu. Ukiuacha ukakauka, ukarudi kuushika, unavunjika mkononi. Kwa hiyo msuka mikeka huwa na bakuli la maji kando yake, na akitoka hufunga ukindu wake kwenye kitambaa kibichi, akasuka huku anatembea.

Basi ikaja mikeka ya plastiki. Ilikuja kwa lori, na lori lilikuwa na kipaza sauti. Mikeka ya rangi za kuumiza macho, ina picha za tausi na misikiti, hailiwi na mchwa, haiogopi maji, na ukitaka leo unapata leo. Katika msimu mmoja wanunuzi wa mjini walikatika. Wanawake wa barazani nao wakaanza kupungua. Mmoja alikwenda kuuza maandazi, mwingine akaolewa mbali, wawili wakasema wamechoka kusukia panya. Mwishoni walibaki Bi Somoe na shoga yake, Mwanahawa.

Hapo ndipo kila mtu alipogeuka mshauri. Kuna jambo linaloniudhi mimi mpaka leo, nalo ni mtu aliyeshiba kumfundisha mwenye dhiki namna ya kuchangamka. Jirani alimwambia atabasamu, eti uso wa kununa hufukuza riziki. Mwenye duka alimwambia subira huvuta heri. Bi Somoe akamuuliza, hiyo kamba ambayo subira huvutia heri, nani anaisuka, na kwa ukindu wa nani?

Hata bwana wa semina alikuja. Aliwakusanya mafundi wa Nampunga kwenye ofisi ya kijiji, akawapa chai, akawaambia kwamba biashara ni moyo, na kwamba kila asubuhi waandike mambo matatu yanayowafurahisha. Bi Somoe alisikiliza hadi mwisho. Kisha akanyoosha mkono akauliza kama bwana huyo amewahi kutazama alichokalia. Watu wote wakainamisha macho. Sakafu nzima ya semina ya mafundi wa mikono ilikuwa imetandikwa plastiki. Bi Somoe aliondoka bila kumaliza chai yake, na sioni kosa lake.

Sasa sikilizeni desturi, maana ndiyo iliyobeba mambo yote. Nampunga bibi harusi haingii nyumba ya mume mikono mitupu. Hutanguliziwa mkeka, nao huitwa mkeka wa kuingilia. Akifika, hutandikiwa mlangoni, akaukanyaga kabla hajakanyaga sakafu ya watu. Na mkeka huo lazima uwe wa ukili mmoja, mkono mmoja, usiokatika tangu mwanzo hadi mwisho. Ukikatika njiani haufai tena. Hauungwi.

Mikeka ya kulalia ilikuwa imeshakufa soko. Mkeka wa kuingilia ndio uliobaki. Maharusi wakiuacha huo nao, baraza la Bi Somoe lilikuwa limefungwa, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Mwaka ule maharusi walikuwa wawili tu. Wa kwanza mkeka wake alipewa Mwanahawa. Akasuka pima kumi, kisha akasikia kwamba mama wa bibi harusi amesema mbele za watu kuwa mikeka ya ukindu ni uchafu wa kizamani, wanaichukua kwa kuogopa wazee tu. Mwanahawa alikuwa mtu wa moyo laini. Alilia, akauweka ukili pembeni, akasema atausuka moyo ukitulia, kwani kazi ya heri haifanywi kwa moyo mchafu. Siku ya nne moyo ulitulia. Akaushika ukili, ncha zote zilikuwa kavu, na aliposokota mara ya kwanza ukakatika. Wale watu hawakungoja. Wakanunua wa tausi.

Akabaki bibi harusi wa pili, binti aitwaye Asia, aliyelelewa na shangazi yake, Bi Havijawa. Mkeka wake ulikuwa kwa Bi Somoe. Ndoa ilikuwa Ijumaa. Jumanne asubuhi Bi Somoe alikuwa amefika pima kumi na nane katika ishirini na nne, na ukili ulikuwa mzuri, umelala sawasawa. Ndipo Bi Havijawa alipotuma ujumbe. Asijisumbue tena, wameshapata mkeka mwingine, wenye kung'aa. Huo wake autafutie mwenyewe.

Bi Somoe aliushika ukili magotini kwa mikono miwili. Roho ilikuwa imempanda. Alitaka kuuchana palepale. Mwanahawa, aliyekuwa karibu, alimwambia, "Shoga, weka chini. Pumzika leo, utakwenda kesho umepoa."

"Nikipoa mimi, na ukindu utakuwa umekauka," alisema Bi Somoe. "Wewe ulipoa. Ulipata nini?"

Neno hilo lilimuumiza Mwanahawa, na lilikusudiwa kumuumiza. Hasira haichagui. Lakini lilikuwa kweli.

Basi Bi Somoe akafunga ukindu kwenye kitambaa kibichi, akajifunga kiunoni, akaupachika mviringo wa ukili begani, akatoka. Nyumba ya Bi Havijawa ilikuwa ng'ambo ya mashamba ya mpunga, mwendo wa saa nzima. Aliutembea wote akisema peke yake. Aliisema plastiki, akalisema lori na kipaza sauti chake, akamsema bwana wa semina, akamsema hata marehemu mumewe kwa kumwacha na dunia hii. Mzee mmoja aliyekuwa akipalilia akamwambia mama, kunjua uso, riziki mafungu saba. Akajibiwa kwamba mafungu sita yameshaliwa na wenye kukunjua nyuso. Na muda wote huo vidole vyake vilikuwa vinasuka. Anaongeza ukindu, anasokota, anavuta. Alikuwa anavuta kwa nguvu mno, na ukili ukaanza kuwa mwembamba na mgumu, lakini hakusimama.

Alifika akiwa ametota jasho. Bi Havijawa alikuwa uani na wanawake wa shughuli, wanachambua mchele. Hakukuwa na hodi wala salamu. Bi Somoe alimpa za uso mbele ya wageni wake. Alimwambia kwamba kama ni plastiki, angesema tangu mwanzo, si kumwacha mtu asuke pima kumi na nane. Alimwambia kwamba mama yake mwenyewe Havijawa aliingia kwa mumewe juu ya mkeka uliosukwa na mama yake Somoe, na kama mama huyo angekuwa hai leo angeona haya. Alisema mengine ambayo sitayarudia mbele yenu. Wale wanawake waliacha mchele, wakatazama. Lakini hawakuwa wanatazama uso wake. Walikuwa wanatazama mikono.

Bi Havijawa naye aliiona. Akasimama, akashika kiuno.

"Wewe mwanamke, umekuja kunitukana au umekuja kusuka?"

"Vyote viwili."

"Mkeka huu si nimekwambia siutaki?"

"Umenikosea wewe, Havijawa. Mkeka haujanikosea. Nikiuacha ukauke kwa ajili yako, nitakuwa nimejipiga mwenyewe."

Bi Havijawa akafungua kinywa kujibu. Na kabla neno halijatoka, pazia la chumba cha ndani likafunguliwa. Asia akatoka. Mwali hatoki ndani siku kama hizo, na mwali hasemi mbele za wakubwa, na wanawake kadhaa wakaguna. Yeye akaja hadi pale, akapiga magoti, akaushika ukili. Akaupitisha vidoleni, sehemu laini ya jana na juzi, kisha sehemu ngumu ya leo njiani.

"Hapa ulikuwa umekasirika, mama," akasema.

"Bado nimekasirika."

"Zimebaki pima ngapi?"

"Tano na kitu."

Asia akamgeukia Bi Havijawa, akainamisha macho kama adabu inavyotaka, lakini sauti haikuinama.

"Shangazi, niwie radhi. Tangu juzi makungwi wananifunda nicheke na mume, nicheke na mawifi, nisinune. Hakuna aliyenifunda nitafanya nini siku nitakayonuna, na siku hiyo itakuja. Huyu mama amenionyesha. Mimi nitaingia na huu."

Uzito wa jambo lile ulikuwa juu ya Bi Havijawa, kwa kuwa ndiye mlezi, na neno lake ndilo lingekata. Akikataa tu, mkeka umekufa, na maharusi wote watakaofuata watanunua wa tausi. Alimtazama mwali, akamtazama Bi Somoe, ambaye hata wakati huo hakuwa anamtazama mtu, alikuwa anachomeka ukindu mpya pale wa zamani ulipoishia. Kitambaa kiunoni kilikuwa kimekauka kwa jua la njiani.

Bi Havijawa akaingia jikoni. Akatoka na bakuli la maji, akaliweka miguuni pa Bi Somoe, kwa kishindo, maji yakamwagika nusu.

"Suka basi," akasema.

Msidhani walipatana. Nyinyi mnapenda hadithi za watu kukumbatiana. Bi Somoe alikaa uani pale Jumanne yote na Jumatano, amenuna, anasuka. Aliletewa chakula akala bila kusema asante. Kila bakuli lilipopungua, Bi Havijawa alilijaza mwenyewe, naye amenuna vilevile. Neno halikupita kati yao. Alhamisi ukili ulitimia pima ishirini na nne, Bi Somoe akaushona, akaukunja, akaondoka kama alivyokuja, bila kuaga.

Ijumaa mkeka ukatandikwa mlangoni kwa bwana harusi. Wanawake wa upande wa mume wakauzunguka kuukagua, kama wafanyavyo, na mmoja akaona mstari mwembamba, mgumu, uliokaza kuliko kwingine kote, umekatiza katikati. Akauliza kwa sauti, ili watu wote wasikie, kama hapo ndipo ukili ulipokatika ukaungwa. Ilikuwa shutuma kubwa. Plastiki haina ukili wa kukatika, lakini ukili ulioungwa ni mkosi; kama ni kweli, mwali angerudishwa nyumbani na mkeka wake.

Wa kujibu alikuwa shangazi. Bi Havijawa angeweza kusema hajui, na pale pale angekuwa amelipiza matusi yote ya Jumanne. Alipiga goti, akaukunjua mkeka upande ule, akawaambia waufuate mstari kwa kidole. Wakaufuata. Haukuwa na kiungo.

"Hapo msukaji alikuwa amenuna," akawaambia. "Alinuna na mimi, na alikuwa na haki. Alinuna awezavyo. Lakini ukili haukukatika."

Asia akaukanyaga, akaingia.

Maneno yale yakashikwa na wanawake wa pande zote mbili, yakapelekwa visimani na mashambani. Mwaka uliofuata maharusi wanne waliagiza mkeka wa kuingilia. Mwanahawa akarudi barazani, akasema ana donge bado kwa neno aliloambiwa, akaambiwa akae nalo hapo hapo, bakuli lile pale. Bi Somoe hakutajirika. Plastiki ipo hadi leo, na mchuuzi wake ana lori la pili. Bi Somoe na Bi Havijawa hawakusalimiana mpaka mmoja wao alipozikwa, na kila mwali aliyetoka nyumba ya Bi Havijawa alipelekwa kusukiwa na Bi Somoe.

Basi Mama Shani, mashine yake imekufa mara mbili wiki hii, wateja wamehamia kwenye nguo za mitumba, na binti yake anasema hawezi kushona akiwa na hasira. Hakumwambia binti atabasamu. Hakumwambia anyamaze. Alimwambia nuna uwezavyo, ukili usikatike.